Watoto 72, rimu moja: majibu kwa walimu wa kuchora, kufinyanga na kubuni

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu wa shule za msingi za Lubumbashi, na karibu zote zinalia kilio kimoja: kuchora kumo kwenye ratiba, vifaa havimo kabatini. Tumezifupisha na kuacha majina.

SWALI: Jambo yenu, walimu wenzangu. Nafundisha darasa la tatu huku Katuba, watoto 72 chumba kimoja. Direkta amenikabidhi rimu moja ya karatasi, akasema hiyo ndiyo ya kuchora mpaka mwaka uishe. Nianzie wapi?

JIBU: Jambo sana, Mama Mwalimu. Anza na hesabu kabla ya kreyo (penseli). Rimu ina karatasi 500 za A4. Ukizikata nusu unapata vipande 1,000, ambavyo kwa watoto 72 ni vipindi 13 na akiba ya vipande 64. Ukizikata robo unapata 2,000, yaani vipindi 27. Robo ni ndogo, kama sentimita 10 kwa 15. Inatosha jani, ufunguo au kijiko, haitoshi sura ya mtu. Sisi tungechanganya: karatasi 288 zikatwe nusu kwa vipindi 8 vya michoro mikubwa, na 212 zinazobaki zikatwe robo kwa vipindi 11 vya mazoezi. Hapo una vipindi 19 na robo 56 za kufidia zitakazochanika. Kunja karatasi tano tano, bana mkunjo kwa ukucha, kisha pitisha kisu wewe mwenyewe. Wembe usiingie mikononi mwa watoto wa darasa la tatu.

Wiki isiyo na karatasi haikosi ubao. Uwanja uliofagiwa na kunyunyiziwa maji kidogo unapokea mstari wa kijiti vizuri, na mtoto anafuta kwa kiganja na kurudia mara kumi bila woga wa kuharibu mali ya shule. Mchanga mkavu unaporomoka na kufukia mstari, na ule uliolowa sana unaganda kwenye kijiti. Toboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu, nyunyiza, subiri dakika tano maji yazame.

Karatasi ya mfuko wa saruji nayo inafaa, ile mifuko ya karatasi yenye tabaka kadhaa, siyo ya plastiki iliyofumwa. Chukua tabaka za nje tu. Tabaka iliyogusa saruji itupe, kwa sababu vumbi la saruji likikutana na jasho linachoma ngozi, na machoni ni hatari zaidi. Mfuko ukung'utwe nje na mtu mzima aliyeupa upepo mgongo. Tabaka moja ya mfuko wa kilo 50, ikifunguliwa, inatoa vipande vinane hivi vya ukubwa wa A4. Rangi yake ya kahawia inapendeza sana chini ya makaa na chini ya udongo mweupe.

Jambo la mwisho ni muda. Katika darasa la watoto 72, kugawa vifaa kunaweza kula nusu ya kipindi. Kila benchi iwe na mgawaji mmoja, mmoja tu anayesimama, na jina liandikwe nyuma ya karatasi kabla ya mstari wowote. Wakishazoea, zoezi hilo linachukua dakika tatu.

SWALI: Makala (makaa) ya mbabula, jiko letu la mkaa, yanachafua mikono, yanakwaruza karatasi na yanavunjika. Nasikia wachoraji wana makaa yao ya pekee. Yanatengenezwaje? (Mwalimu wa Rwashi)

JIBU: Bwana Mwalimu, makaa ya kupikia yametoka kwenye magogo yenye maganda na mafundo, na ndiyo maana yanakwaruza. Ya kuchorea hutengenezwa kwa vijiti, na mbabula hiyohiyo ndiyo tanuru.

Tafuta kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati. Kata vijiti vilivyonyooka vya unene wa kreyo, urefu wa sentimita 10 au kidogo chini ya kina cha kopo. Menya ganda lote, anika wiki moja mpaka kijiti kikivunjwa kitoe sauti kavu. Vipange vimesimama, vikiwa vimebanana kabisa, kwa sababu nafasi iliyobaki ni hewa, na hewa ni majivu. Toboa kifuniko tundu moja la msumari, funga. Tundu hilo ni lazima: kopo lililozibwa kabisa linaweza kupasuka. Na usitumie kamwe kopo la dawa ya kupulizia.

Weka kopo katikati ya makaa yaliyowaka vizuri, nje, mbali na darasa. Kwanza utaona moshi mweupe mzito, huo ni mvuke. Baadaye moshi unakuwa mwembamba na unaweza kushika moto kwenye tundu. Moshi ukikoma kabisa, kwa kawaida baada ya dakika 45 hadi saa moja, toa kopo kwa koleo, ziba tundu kwa udongo mbichi, liache mpaka lipoe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanafungua kopo likiwa bado la moto, hewa inaingia, na vijiti vinawaka mbele ya macho yao.

Kijiti kikiwa cha kahawia katikati, hakikukaa motoni vya kutosha, kirudishe. Kikisagika kama biskuti, mti wake ulikuwa umeoza au ni laini mno. Kikikwaruza, kina ganda au fundo. Kopo moja linatoa vijiti 40 hivi, na ukivivunja katikati kila mtoto anapata chake.

Ili mchoro usifutike, pika kijiko kimoja cha chai cha unga wa muhogo katika nusu lita ya maji, chuja kwa kitambaa, tia kwenye chupa ya kupulizia, pulizia ukiwa umbali wa mkono mmoja. Ukisogea karibu, matone yataibeba rangi nyeusi na kuacha madoa ya mviringo.

SWALI: Nikiwaambia chora unachopenda, watoto wote wananiletea nyumba ileile: paa la pembetatu, mlango katikati, jua kwenye kona. Nikichora mfano ubaoni, wote wananakili mfano wangu. Kosa liko wapi? (Mama Mwalimu, darasa la nne, Kampemba)

JIBU: Mama, umelitaja mwenyewe. Mtoto aliyeambiwa "chochote" anatoa alama aliyokwisha kuikariri, na aliyewekewa mfano ubaoni anatoa alama ya mwalimu. Katika hali zote mbili hajaangalia kitu. Mpe kitu mkononi.

Tunapendekeza jani la muhogo, sombe letu, kwa sababu kila mtoto anadhani analijua. Lichumwe asubuhi hiyohiyo na kikonyo chake kiwekwe ndani ya maji, la sivyo ndani ya saa moja limenyauka. Jani moja kwa watoto wanne. Dakika sita za mwanzo kreyo zikae mezani, na wewe uulize tu. Jani lina vidole vingapi? Wengi watajibu vitano kabla ya kuhesabu, kisha wahesabu na kugombana, maana majani mengi yana 5 au 7 na mengine 3 au 9. Kidole kipi ni kirefu kuliko vyote? Kidole kimenenepa wapi, karibu na kikonyo au mbele zaidi? Kikonyo kina rangi gani juu, na chini je? Mshipa mkuu wa kila kidole unaanzia wapi? Swali hili la mwisho ndilo la dhahabu, maana mishipa yote inakutana kwenye nukta moja pale kikonyo kinaposhikia jani, na mtoto aliyeiona nukta hiyo anaanza mchoro wake hapo. Aliyeanza na ukingo wa nje anaishia na kiganja cha mkono.

Kisha sharti moja: jani liguse kingo tatu za karatasi. Bila sharti hilo utapata vijani vya ukubwa wa shilingi vimejikunyata katikati. Gome (vifutio) zifichwe dakika kumi za kwanza. Mstari uliokosewa ubaki, wa pili upite kando yake. Ukitaka kumwonyesha mtoto kitu, chora kwenye kipande chako pembeni. Usiguse karatasi yake, kwani mstari wa mwalimu ukishaingia, mchoro si wake tena.

Kwa kipindi cha pili, kujaza jani, mna hazina nyumbani. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mjini hapa, enzi za Élisabethville, ikajulikana kwa jina la Hangar. Wachoraji wake hawakukalishwa kunakili picha za Ulaya, na kila mmoja akatokea na mkono wake. Pilipili Mulongoy alijaza picha zake ndege, samaki na majani kwa nukta na michirizi midogo. Mwenze Kibwanga alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba. Bela aliacha brashi akachora kwa ncha za vidole. Ukipata picha zao hata kwenye simu, zionyeshe, kisha gawa darasa mara tatu: benchi hizi zijaze jani kwa nukta tu, hizi kwa mistari mifupi tu, hizi kwa kidole kilichochovywa kwenye vumbi la makaa. Jani ni lilelile, na hakuna michoro miwili itakayofanana. Zionyeshe baada ya kuchora umbo, siyo kabla, ama sivyo utapata ndege wa Pilipili 60 na jani hata moja hutaliona.

SWALI: Rangi za dukani ni ghali. Je, tunaweza kutengeneza wenyewe kwa udongo? Na mtoto mmoja ameleta unga wa malakiti kutoka kwa mjomba wake anayechonga. Kijani chake ni kizuri ajabu. (Mwalimu, mtaa wa Kenya, hapa mjini)

JIBU: Tuanze na mjomba. Malakiti ni madini ya shaba. Jiwe lililong'arishwa halina neno, lakini unga wake unadhuru ukivutwa au ukimezwa, na mtoto wa shule ya msingi anakula vidole vyake mchana kutwa. Urudishwe kwa mwenyewe, umefungwa.

Hata udongo si popote unapochimbwa. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na vumbi la miaka yote hiyo lilianguka juu ya ardhi likiwa na risasi, kadmiamu, kobalti na aseniki. Upepo wetu mwingi hutoka kusini-mashariki, hivyo upande wa kaskazini-magharibi wa bomba la moshi ndio uliopokea zaidi. Usichukue udongo huko, wala karibu na terili (kilima cha mabaki ya madini), wala kando ya barabara za malori ya madini, wala ukingoni mwa vijito vinavyopokea maji ya viwanda. Tafuta shimo lililochimbwa mbali na hayo yote, la choo kipya au la msingi wa nyumba, na uchukue udongo wa chini, siyo wa juu. Baada ya kazi, sabuni na maji kabla ya mtoto kugusa andazi.

Udongo mwekundu ukishapatikana, usafishe. Jaza theluthi ya ndoo, ongeza maji mpaka karibu na ukingo, koroga kwa nguvu, hesabu mpaka 30. Mchanga unashuka chini, rangi inabaki ikielea. Mimina hayo maji mekundu kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa chepesi, yaache yalale usiku kucha. Asubuhi mwaga maji meupe ya juu, na lile tope laini la chini lianike juu ya bati, kisha litwange. Ukiruka hatua ya kuhesabu 30, rangi yako itakuwa msasa.

Nyeusi ni vumbi la makaa lililotwangwa na kuchekechwa, litwangwe likiwa na maji kidogo lisiruke. Nyeupe ni pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande. Njano hutoka kwenye manjano ya kupikia, nayo hupauka ikikaa juani. Buluu ni ile ya kufulia mashati meupe. Ukichanganya hizo mbili unapata kijani, na kijani hicho kinadumu kuliko maji ya majani yaliyopondwa, ambayo kufikia wiki ijayo yatakuwa kahawia.

Rangi bila gundi ni vumbi. Koroga vijiko 2 vya mezani vya unga wa muhogo katika robo kikombe ya maji baridi mpaka madonge yaishe, mimina ndani ya kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, acha dakika 2 mpaka uji ugeuke kutoka weupe wa maziwa kuwa kama kioo. Unga wa bukari (ugali) nao unafanya kazi, ila uchekeche, maana makapi yake yanaonekana kwenye karatasi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kinachelewesha ukungu kidogo. Gundi hii inadumu siku 2, na kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba huenda 3. Ikinuka uchachu, itupe.

Kipimo: vijiko 2 vya gundi kwa kijiko 1 cha unga wa rangi, maji kwa matone. Pima kabla ya kipindi. Paka mstari, ukauke dakika 15, sugua kwa kidole. Ikitoka na kidole, gundi ni kidogo. Ikijikunja na kubanduka kama maganda, gundi imezidi au umepaka nene mno. Karatasi ikijikunjakunja, maji yamezidi.

Watoto 72 katika vikundi 12, kila kikundi rangi 3, kila rangi vijiko 2 kwenye kifuniko cha chupa kubwa au kipande cha kigae: utahitaji vijiko 24 vya kila rangi, na gundi ya kipimo cha hapo juu mara tatu. Brashi ni kijiti kilichopondwa ncha sentimita moja mpaka nyuzi zitoke, kama mswaki wa mti. Kila rangi iwe na kijiti chake kisichohama, la sivyo kabla ya dakika kumi kila kikundi kitakuwa na rangi moja, ya matope.

SWALI: Tulifinyanga vyungu vidogo kwa udongo wa kichuguu. Vyote vilipasuka kabla ya Jumatatu, na masikio ya vikombe yakadondoka. Udongo ule haufai? (Mwalimu, mtaa wa Annexe)

JIBU: Unafaa. Wafyatua matofali wa pembezoni mwa mji wanautumia kila siku. Kilichokosa ni maandalizi na subira.

Jaribu udongo kwanza: viringa kijinyoka cha unene wa kreyo, kizungushie kidole. Kikipasuka kote, haujalowa vya kutosha au hauna unato. Kikizunguka bila ufa, unafinyangika. Kisha tengeneza kipande cha urefu wa sentimita 10, kianike, kipime tena. Kikibaki 9 au chini, unasinyaa sana na utapasuka kwenye vyombo. Changanya sehemu 1 ya mchanga laini kwa sehemu 5 za udongo, rudia kipimo.

Maandalizi ni siku mbili ndani ya ndoo ya maji, kuchuja kwa kipande cha chandarua kizee ambacho hakijawahi kutiwa dawa, kuacha utulie, kumwaga maji, na kuutandaza juu ya gunia mpaka uache kung'ang'ania kiganja. Ukandwe kama unga wa mkate kutoa hewa. Gramu 300 kwa mtoto, donge la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Watoto 60 ni kilo 18, ndoo moja ya lita 20 iliyojaa kiasi.

Sasa nyufa. Chombo kinapokauka kinasinyaa, na sehemu nyembamba inatangulia. Ikiwa ukingo ni milimita 4 na kitako ni milimita 20, ukingo unavuta na kitako hakifuati, basi unapasuka. Waambie kuta na kitako vyote viwe na unene wa kidole kidogo cha mtoto. Sikio lilidondoka kwa sababu mbili: ni jembamba, na lilibandikwa juu ya uso laini. Kwaruza pande zote mbili kwa kijiti, paka uji wa udongo uleule, bonyeza na kuzungusha kidogo, kisha jaza mshono kwa kijinyoka chembamba. Maji matupu hayashiki, na watoto wanayapenda mno. Ondoa bakuli la maji mezani, weka la uji wa udongo.

Vyombo vikae kivulini vimefunikwa plastiki siku 2, vifunuliwe nusu siku 2 nyingine, kisha wazi. Kiangazi, upepo wa mwezi wa nane unakausha chombo mchana mmoja, kwa hiyo plastiki ibaki muda mrefu kuliko ungefanya mwezi wa kwanza katikati ya mvua. Viinue juu ya fito mbili ili kitako nacho kipate hewa.

Darasa la msingi si lazima lichome. Ukipata mfyatua matofali wa kukukaribisha tanurini, weka chombo shavuni: kikiwa cha baridi bado kina maji ndani, na motoni maji hayo yanageuka mvuke na kukilipua. Angalia pia vipunje vyeupe. Vichuguu vikubwa vya huku mara nyingi vina chembe za chokaa. Ikichomwa, chembe hiyo inavuta unyevu wa hewa polepole, inavimba, na wiki kadhaa baadaye kipande cha ukuta kinabanduka kikiacha nukta nyeupe katikati ya shimo. Ndiyo maana ya chandarua.

SWALI: Programu inataja kubuni vitu, siyo kuchora tu. Nifundishe nini darasa la tano? Wazazi nao wanasema muda huo ungepewa hesabu, ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, haiko mbali. (Bwana Mwalimu, Kamalondo)

JIBU: Wape tatizo lililo mezani pako: chaki zinavunjika kwa sababu zinalala ovyo kwenye droo. Kisha usiseme neno "sanduku". Waulize chaki ina urefu gani, unene gani, ngapi zinatumika kwa wiki. Watapima sentimita 8 kwa 1. Vikundi vichore mawazo matatu kabla ya kukata lolote. Hapo ndipo kubuni kulipo, na ndipo walimu wengi wanaporuka kwa haraka ya kufika kwenye mkasi.

Kama watafika kwenye sanduku, hesabu ni hii. Ndani sentimita 9 kwa 6, kimo 4. Zinaingia chaki 6 kwa tabaka, tabaka 4, jumla 24, na nafasi ya sentimita moja kwa kidole kuchomoa. Katoni ikatwe 17 kwa 14, kwa sababu kila upande unaongezewa 4 mara mbili. Chora mistari ya kukunja sentimita 4 kutoka kila ukingo. Kwenye kila kona unapata mraba wa 4 kwa 4: ukate upande mmoja tu, mraba ubaki umeshikilia uwe ulimi wa gundi. Anayekata mraba wote na kuutupa atakuwa na kuta nne zisizo na cha kuzishika, na mwache agundue mwenyewe. Katoni ya ukubwa wa A4 inatoa masanduku mawili.

Kabla ya kukunja, pitisha biki iliyokwisha wino kwenye rula, ubonyeze bila kuchana. Katoni yenye mawimbi inakunjika kirahisi ukifuata mawimbi. Ukiyakata, mkunjo unakwenda kombo, basi biki ipite mara tatu. Gundi ni ileile ya muhogo, lakini nzito: unga vijiko 3 kwa kikombe. Ipakwe nyembamba, ibanwe kwa vibanio vya nguo dakika 20. Katoni iliyolowa gundi inalegea, na sanduku linapinda kama kiatu kizee.

Wazazi waonyeshe daftari: eneo, mzunguko, ujazo na vipimo, vyote katika kipindi kimoja, na vikahesabiwa na mtoto aliyekuwa na sababu ya kuvihesabu. Akikosea kwa sentimita moja, chaki haiingii. Hakuna anayebishana na sanduku.

SWALI: Alama nitoeje? Naona vibaya kumpa mtoto 3 kwa 10 kwa mchoro.

JIBU: Usipime uzuri. Toa 4 kwa kutimiza sharti ulilotaja mwanzoni (jani limegusa kingo tatu au halikugusa), 4 kwa kilichoangaliwa (idadi ya vidole, mishipa inakutana wapi), 2 kwa kusafisha vifaa. Sharti liandikwe ubaoni kabla ya kuanza. Mwenye mkono mzuri aliyechora ua badala ya jani anapata kidogo, na ataelewa kwa nini.

SWALI: Wavulana wangu wa darasa la sita wanatengeneza magari ya waya, kazi nzuri sana. Niingize darasani? (Rwashi)

JIBU: Ingiza, ila uliza waya unatoka wapi. Kama wanachoma nyaya za umeme kutoa plastiki, au matairi kutoa chuma, moshi wake ni sumu na kazi hiyo ikome. Nunua waya wa kufungia nondo: ni laini, unakunjika kwa koleo ndogo, na mita 4 hivi zinatosha gari la urefu wa kiganja. Kila ncha ikunjwe kuwa kitanzi mara tu inapokatwa, kabla ya jambo lingine, kwa kuwa ncha iliyo wazi inatafuta jicho la jirani. Anayekata aelekeze ncha chini na kuishika kwa mkono wa pili isiruke. Magurudumu ya vifuniko vya chupa yatobolewe katikati kabisa kwa msumari: weka kifuniko juu ya karatasi, kizungushie kreyo, kata duara hilo, likunje mara mbili, na makutano ya mikunjo ndiyo kitovu. Tundu likikaa kando kwa milimita 2, gari linachechemea.